Tairi la Daktari

Wanaume wa vilima vyetu wana ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari aliyewahi kuupa jina: hawawezi kumwambia mtu kwamba wanaumwa. Mkute mmoja wao ameangukiwa na mti, muulize hali, atakujibu "silalamiki." Nimezika wawili wa aina hiyo, baba yangu na marehemu mume wangu, na wote wawili waliniambia hawajambo mpaka asubuhi ya kufa. Kwa hiyo msinitake nisimulie habari za shemeji yangu Doyle Prewitt kwa upole. Nampenda, lakini ananikera.

Doyle amemwoa dada yangu mkubwa, Wanetta. Wana ng'ombe wachache na nyumba ya mbao juu ya kilima, huku kwetu kaskazini ya Arkansas, mahali ambapo jirani akipiga chafya unamwombea afya kutoka jikoni kwako. Ujanani alipelekwa Vietnam kuendesha malori ya jeshi, na siku moja lori lake likakanyaga bomu la ardhini. Kijana wa Tennessee aliyekaa kando yake hakuinuka tena. Doyle aliinuka, akarudi nyumbani na mgongo mbovu na asilimia kumi ya ulemavu. Ofisi ya maveterani, yaani askari wastaafu, hupima kuumia kwa mtu kwa asilimia, na fidia hufuata asilimia. Hiyo kumi alikaa nayo mpaka nywele zikawa nyeupe, huku mgongo ukizidi kuoza, bila kwenda kuomba iongezwe.

"Shemeji, kuna watu walirudi bila miguu," alikuwa akiniambia nikimgusia. "Mimi ninayo yote miwili."

"Unayo miwili lakini haielewani," nikamjibu. "Mmoja unakwenda kanisani, mwingine unabaki mlangoni."

Alicheka, lakini hakwenda.

Kilichomsukuma hatimaye ni mikono ya Wanetta. Dada yangu anafanya kazi kiwanda cha kuku, kwenye mstari wa kukata mapaja, amesimama na kisu tangu kuku hawajapambazukiwa. Vidole vilianza kumkatalia. Asubuhi ilibidi aviloweke kwenye maji ya moto ndipo vifunguke, na akishika kisu vinafunga tena hivyo hivyo. Daktari alimwambia aache kile kisu kabla mkono haujafa kabisa. Lakini aache wale nini? Ng'ombe wa Doyle hawawezi kuwalisha watu wawili na wenyewe wakala. Fidia ikiongezwa, Wanetta anavua aproni. Isipoongezwa, anaendelea mpaka vidole vikatike. Hesabu yenyewe ilikuwa hiyo tu, na Doyle aliijua. Akaenda kwa Lonnie Sisk huku uso wake kama wa mtu aliyelishwa sabuni.

Lonnie ndiye afisa wa maveterani wa wilaya yetu. Kazi yake ni kumsindikiza mtu katika madai yake mpaka mwisho. Ni mtu mwema, hodari, na hapo ndipo penye tatizo. Lonnie huyo huyo ni shemasi kanisani kwetu, hununua majani makavu kwa Doyle, na Jumapili hukaa benchi la mbele yetu. Mjini mtu hueleza siri zake kwa mgeni ambaye hatamwona tena. Sisi huku tunazieleza kwa mtu tutakayempitishia bakuli la maharage kwenye chakula cha kanisa.

Basi, Lonnie akapeleka madai, na Doyle akaitwa mjini kupimwa mgongo.

Mnajua watu wa kwetu huendaje kwa daktari? Huenda kama wanakwenda kuposa. Doyle alinyoa ndevu, akavaa suruali iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, akapaka viatu rangi. Wanetta alitaka kwenda naye ila zamu yake ilimkatalia. Doyle akaondoka peke yake na pikapu, akafika kliniki mapema kuliko wafagiaji, akakaa garini akingoja muda wake, mkongojo kando yake kitini.

Sasa akaingia msichana mmoja na gari lake dogo, tairi la nyuma limelala chini kabisa. Akashuka, akaliangalia, akatoa jeki akaigeuza huku na huku kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake. Doyle akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna mwanamume mwingine. Akashuka. Mkongojo akauacha kitini, kwa maana huwezi kwenda kumsaidia mtoto wa kike huku umeegemea fimbo.

Akapiga magoti kwenye lami na ile suruali ya pasi. Akalegeza nati, akainua gari, akatoa tairi, akaweka lingine, akakaza. Msichana akataka kumpa chochote, Doyle akakataa: "Mama yangu atafufuka anichape, binti." Akashika mlango wa lile gari, akajiinua, akasimama wima mpaka yule binti alipomaliza kushukuru na kwenda zake.

Muda wake ulipofika akaitwa ndani. Aliyekuwa amekaa nyuma ya meza, na koti jeupe, ni yule yule msichana. Ndiye daktari.

"Ah, Bwana Prewitt! Kumbe ni wewe! Hujambo?"

"Silalamiki, mama."

"Lile tairi halijakuumiza mgongo?"

Hapo, wapendwa, ndipo nilipotamani ningekuwepo nimfinye. Mgongo ulikuwa unawaka moto. Mguu wa kushoto alikuwa hausikii. Lakini angesemaje? Akisema ndiyo, yule binti ataona amemuumiza mzee wa watu, na atabeba lile jambo moyoni siku nzima. Kwa adabu za kwetu, huwezi kumtendea mtu wema kisha ukamdai majuto.

"Hata kidogo," akasema. "Kazi ndogo ile."

Akamwambia ainame, akainama. Akamwambia ageuke, akageuka, na meno ameyauma. Daktari akaandika alichokiona na alichoambiwa, na mimi simlaumu. Ningekuwa mimi ningeandika hivyo hivyo.

Majibu yalipokuja, Lonnie aliyaleta mwenyewe. Mimi nilikuwa jikoni kwa Wanetta nachambua maharage mabichi, na Wanetta yuko jikoni vilevile, anakoroga mchuzi mzito wa maziwa. Doyle amekaa mezani. Lonnie akavaa miwani.

"Wamekataa," akasema. "Wanasema, sikiliza, 'mwombaji alionekana akipiga magoti na kubadilisha tairi la gari bila msaada, na akasema hakuumia.'" Akavua miwani. "Doyle. Gari la nani hilo?"

Doyle akanywa kahawa.

"Doyle, ndugu yangu, nakuuliza. Tairi la nani?"

"La yule daktari."

"Daktari yupi?"

"Aliyenipima."

Lonnie akafungua mdomo, ukabaki wazi. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kukosa la kufanya, na mimi nikacheka mpaka maharage yakamwagika. "Umebadilisha tairi la daktari anayekupima mgongo! Katika kazi hii nimeona watu wakijiharibia, nimeona mmoja aliyekwenda kupimwa masikio akamwitikia daktari aliyemnong'oneza. Lakini wewe umewapita wote!"

"Ningefanya nini? Alikuwa mtoto wa kike, peke yake."

"Ungekaa garini!"

"Wewe ungekaa?"

Lonnie akaanza kuifuta miwani yake. Asingekaa. Hakuna hata mmoja wao ambaye angekaa.

Kicheko kikaisha, Lonnie akawa mtu wa kazi. Akasema watakata rufaa, watafika mbele ya jaji, na Doyle ataeleza kwa kinywa chake yale ambayo hayakuonekana siku ile. Akamuuliza kuhusu ngazi, kuhusu soksi, kuhusu usingizi. Doyle akajibu kwa vipande vipande. Kisha Lonnie akashusha sauti, akatazama kikombe chake.

"Kuna jambo lazima niulize, wewe si wa kwanza. Watu wenye mgongo ulioharibika namna yako, mara nyingine na haja ndogo huwa inawashinda. Haikuambii inakuja. Kama lipo, ni sehemu ya jeraha, na jaji atalihesabu. Nalo ni zito kuliko hayo mengine yote."

Kijiko cha Wanetta kikasimama sufuriani.

"Hapana," Doyle akasema.

"Sikuulizi kwa ubaya."

"Nimesema hapana." Masikio yake yalikuwa mekundu. Akashika mkongojo, akainuka. "Naenda kuangalia ndama."

Ndama walikuwa wanaonekana dirishani, wazima, wanakula. Lonnie akamtazama Wanetta, Wanetta akaendelea kukoroga. Mimi nikaona ni hasira ya mtu aliyeulizwa jambo la chooni mbele ya shemeji yake, nikarudi kwenye maharage yangu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi siku ile sikuwa kata.

Miezi ya kungoja rufaa ilikuwa mibaya kwa Doyle. Habari ya tairi ilishuka kilimani kabla ya gari la Lonnie. Kuna duka la chakula cha mifugo ambako wanaume wetu hunywa kahawa asubuhi na kusemana, na walimngoja kwa hamu.

"Doyle! Nina pancha, nipigie daktari!"

"Mwacheni, huyo ni mlemavu wa mikono mitupu. Mpe spana uone."

Walimtania kama wanavyotaniana siku zote, na ingekuwa jambo jingine angewarudishia. Lakini kuna Hoyt Beasley pale, mtoto wake alirudi kutoka Iraq ndani ya sanduku lililofunikwa bendera. Hoyt hakusema neno, alicheka tu kidogo pamoja na wenzake, na kicheko hicho kidogo ndicho kilichomwingia Doyle. Alimwambia Wanetta kwamba anajiona kama mtu anayeomba sadaka kwenye foleni ya wenye njaa kuliko yeye. Akaacha kwenda kunywa kahawa. Kanisani akaanza kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Nilidhani ni kwa sababu ya maneno ya watu.

Wanetta alimuuliza mara moja kama na yeye atasema mbele ya jaji.

"Sema kuhusu mkongojo," Doyle akamwambia. "Sema kuhusu ngazi na soksi. Basi."

"Basi?"

"Basi, Wanetta."

Siku ya kusikilizwa nikawaendesha mimi mpaka Little Rock, kwa kuwa mikono ya Wanetta haiwezi kushika usukani kwa muda mrefu na mguu wa Doyle ndio msiuulize. Lonnie alitutangulia. Chumba kilikuwa kidogo, kina meza, bendera, na televisheni ambamo jaji alionekana, mama mmoja mwenye nywele fupi za mvi, akiwa mbali katika mji mwingine. Niliomba kukaa, nikakubaliwa, nikakaa ukutani. Doyle alikaa kati ya Lonnie na Wanetta. Kabla ya kukaa alikuwa amekwenda msalani mara tatu, mimi nikadhani ni woga.

Akaambiwa anaweza kula kiapo akiwa amekaa. Akasimama.

Alianza vizuri. Alieleza lile lori, na yule kijana wa Tennessee alimtaja kwa jina, Emmett, jambo ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwake. Alieleza namna anavyopanda ngazi kinyumenyume. Jaji alisikiliza bila haraka. Kisha akaja kwenye tairi.

"Bwana Prewitt, uliponyanyuka pale chini, ulikuwa na hali gani?"

"Niliona shida kidogo, mama. Lakini sikutaka binti ajisikie vibaya."

"Na baada ya kupimwa?"

"Nilirudi nyumbani."

"Ulifika saa ngapi?"

Doyle akajikuna shingo. "Jioni."

Jaji akainama kusoma kitu, akainua kichwa. "Ulipimwa asubuhi. Kutoka kliniki mpaka kwako ni mwendo wa saa moja na nusu. Mchana wote ulikuwa wapi?"

Doyle akashika mkongojo wake.

"Bwana Prewitt?"

"Gari lilichemsha," Doyle akasema, taratibu sana, na pale pale nikajua ni uongo. Amekula kiapo, mkono alioinua kuapa ulikuwa bado haujapoa, na Doyle si mwongo. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Lonnie naye alijua, maana alifumba macho.

"Mheshimiwa," dada yangu akasema, "naomba kusema."

"Wanetta," Doyle akasema. Jina tu. Lakini alilisema kama mtu anayeshika mlango usifunguliwe.

Wanetta hakumtazama. Aliapishwa, akaweka ile mikono yake iliyopinda juu ya meza.

"Gari halikuchemsha," akasema. "Mume wangu alirudi giza linaingia, akapita mlango wa nyuma moja kwa moja kwenda kuoga. Asubuhi nilikwenda kwenye pikapu. Kiti kilikuwa kimesuguliwa kwa maji ya kuoshea kioo, na juu yake ametandika gunia la chakula cha ng'ombe. Nilikunja lile gunia nikanusa, nikajua. Mengine nimeyaunganisha mwenyewe: alikaa pale nje ya kliniki mchana kutwa, Mheshimiwa. Miguu ilikataa kukanyaga breki na alikuwa ameloa. Madaktari wamejaa mle ndani, na yeye hakuweza kushuka aingie kuomba msaada, sababu angeshuka wangemwona suruali."

Nilisikia uso wangu unawaka. Doyle alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua.

"Na si siku ile tu," Wanetta akaendelea. "Ni usiku mwingi kuliko usiku ambao si hivyo. Huamka, anaondoa shuka upande wake, analikunja taratibu mpaka ubavuni pangu, kisha analivuta chini yangu kama mtu anayechuna sungura, asinigutushe. Anafua, anakausha, anarudi kulitandika. Zamani asubuhi nikikuta godoro limelowa alikuwa akiniambia mbwa alipanda kitandani. Mbwa akafa. Siku hizi ananiambia ni jasho. Mimi hufumba macho, napumua kama mtu aliyelala. Nimekuwa hodari wa kulala uongo."

Hakuna aliyecheka. Lonnie alikuwa anatazama viatu vyake, na niliona anavyojitahidi asionekane yupo. Mimi dada mtu, ninayelala nyumba ya pili, ninayeingia jikoni mwake bila hodi, sikujua lolote. Niliona haya ya kulijua. Niliona haya zaidi kwa zile kelele zangu zote za mguu mmoja kubaki mlangoni.

Jaji akaweka kalamu chini.

"Bwana Prewitt," akasema, "pole. Lakini lazima nikuulize wewe mwenyewe. Aliyosema mke wako ni kweli?"

Hapo sasa. Akisema si kweli, amemfanya Wanetta mwongo mbele ya jaji, mwanamke aliyetoka kuapa, na aproni inamngoja mlangoni pa kiwanda. Akisema ni kweli, Lonnie Sisk atalisikia kutoka kinywani mwake, na Jumapili Lonnie Sisk atampa mkono mlangoni pa kanisa. Nilimwona anageuza macho upande wa Lonnie, kidogo tu, kisha akayarudisha mezani. Mikono ya Wanetta ilikuwa pale pale. Aliitazama muda mrefu.

"Mke wangu hajawahi kusema uongo," akasema. "Ni kweli, mama. Yote."

"Umewahi kumwambia daktari yeyote?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nimwambie nini?" Sauti ilimpasuka. "Emmett alikufa mikononi mwangu hana hata miaka ishirini. Kuna jirani yangu alimpokea mtoto wake sandukuni. Mimi niende kwa watu kudai kwamba najikojolea? Mtu mzima? Naona haya, mama. Naona haya hata sasa hivi, na wewe uko kwenye televisheni."

"Asante kwa kuniambia," jaji akasema. "Najua haikuwa rahisi." Akaandika kwa muda.

Nje, kwenye ukumbi, Lonnie alitaka kumshika bega. "Umesema vizuri, Doyle."

"Usinitazame, Lonnie. Nakuomba. Leo tu usinitazame."

Lonnie akageuka, akatazama ukuta, akazungumza na ukuta: "Nitakupigia simu." Akaondoka hivyo hivyo bila kugeuza shingo, Mungu ambariki.

Niwaambie kabisa ili msingoje: rufaa walishinda. Haikuwa siku ile wala mwezi ule, lakini ilishinda, na Wanetta akavua aproni, na vidole vyake, ingawa havijanyooka, sasa vinaokota mayai yake mwenyewe. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na Doyle alifichua. Lakini si ushindi ninaoutaka niwasimulie. Ni barabara ya kurudi nyumbani.

Doyle alikaa mbele na mimi, Wanetta kiti cha nyuma. Tulipita mashamba ya mpunga. Vilima vilianza kuonekana ndipo Doyle aliposema, akitazama mbele.

"Tangu lini, Wanetta?"

"Tangu mwanzo."

"Kila mara?"

"Kila mara nilikuwa macho."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unanyata kwa bidii sana," dada yangu akasema. "Sikuwa na moyo wa kukuharibia."

Maili kadhaa zikapita. Nikadhani yameisha. Kisha Doyle akasema, na sauti haikuwa ile ya aibu ya mbele ya jaji, ilikuwa mbaya zaidi: "Kwa hiyo ulikuwa hulali. Mimi natandika shuka narudi kusinzia, wewe unaamka kwenda kushika kisu."

"Na wewe hukulala vizuri, Doyle."

"Mimi nililala. Nikimaliza nilikuwa nalala, nikijisifu kwamba sijakuamsha." Akapiga goti lake kwa ngumi. "Velma, simamisha gari."

"Unaumwa?"

"Simamisha, shemeji."

Nikasimama kando ya barabara. Akafungua mlango, akashuka na ule mkongojo, akashika paa la gari, akazunguka hatua kwa hatua huku malori yakitupita, akafungua mlango wa nyuma, akajitupa kando ya mke wake. Ilimchukua muda na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Haya basi," nikasema, "nimekuwa dereva wa matajiri. Mheshimiwa anakwenda wapi?"

"Endesha, Velma," Doyle akasema.

Nikaendesha. Haukupita muda nikasikia mkoromo. Wanetta alikuwa ameegemeza kichwa begani kwake, mdomo wazi, anakoroma kama mashine ya kukata majani, ndivyo alivyokoroma tangu tulipokuwa watoto kitanda kimoja. Nilitazama kwenye kioo. Doyle alikuwa amekaa kimya kabisa, anausikiliza.

"Shemeji," akaniambia polepole, "zile saa hakuwa anakoroma. Kila usiku kabla sijainuka anakoroma hivi. Nikishika shuka, kimya. Na mimi sikuwahi kujiuliza."

Nikarudisha macho barabarani. Alivua kofia yake, akajifunika nayo uso, na mkono wa pili hakuutoa begani kwa Wanetta mpaka tulipofika nyumbani.